Mume wangu anataka kuuza kompyuta yangu, na hajui bei niliyoinunulia

BARUA

Shikamoo dada Mshauri,

Nina miaka 46, naishi Tanga, ni karani wa stoo katika ofisi moja hapa mjini. Mume wangu ana miaka 55, fundi wa injini za treni tangu ujana wake. Watoto watatu, wawili wanajitegemea, wa mwisho ni binti, ameanza chuo mwaka huu. Mkopo aliopata haukutosha, imebaki kama shilingi 1,200,000 ya ada. Mwisho wa mwezi baba watoto anakwenda Dar es Salaam, na amesema atakwenda na kompyuta yangu, aiuze kwa mpwa wake ambaye ni fundi wa kompyuta Kariakoo.

Dada, mimi ni mtu wa gemu. Nikisema hivyo mbele ya watu wa rika langu wanacheka, wanadhani natania. Nilianza mwaka 2006 kwenye kompyuta ya ofisi, na Zuma, ile ya chura wa jiwe anayetema vigololi vya rangi kabla mlolongo haujaingia kwenye tundu la fuvu. Ofisi nzima tulikuwa tunacheza saa ya chakula. Gemu za mafumbo mepesi nazipenda mpaka leo, lakini kwangu ni kama karanga: unatafuna huku unaongea, ukishushwa kwenye daladala unakuwa umeshasahau. Nyingine hata karanga si. Ile Candy Crush iliyoingia kwenye simu za watu kuanzia 2012 nilicheza mwezi mmoja nikaifuta. Inakupa roho tano, zikiisha usubiri nusu saa kwa kila roho moja, au utoe hela. Nikasema huyu si mchezo, huyu ni machinga kajibanza kwenye simu yangu.

Kilichonibadilisha ni Syberia. Ni gemu ya mwaka 2002, ya Mbelgiji mmoja mchoraji, Benoît Sokal. Wewe ni Kate Walker, mwanasheria wa New York, umetumwa kijijini kwenye milima ya Ufaransa kukamilisha uuzaji wa kiwanda cha vikaragosi vya kutiwa ufunguo. Unafika, mwenye kiwanda amekufa, na kumbe ana mdogo wake yuko hai huko mashariki. Unapanda treni ya kutiwa ufunguo kama saa ya mezani, unamfuata. Hakuna kupigana, hakuna haraka. Kuna milango, mitambo, leva, na akili yako. Simu inamlilia Kate njia nzima: bosi, mama, mchumba anayelalamika amemharibia chakula cha jioni. Mwisho angeweza kurudi nyumbani. Akageuka akaikimbilia treni. Nilikaa mbele ya kioo mpaka majina yote yakaisha kupita.

Baada ya hapo nikaingia kwenye gemu za kuvaa uhusika, zile ndefu, ambapo wahusika wanakua kadiri unavyocheza nao. Final Fantasy VII niliipata kwa kijana wa intaneti kafe. Ni ya mwaka 1997. Humo kuna binti muuza maua, Aerith. Nilitumia wiki tatu kumkuza, leveli kwa leveli, nilimpenda kuliko wote. Basi kapiga magoti anaomba, adui akashuka kutoka juu na upanga mrefu. Hafufuki. Dawa zote za kufufua ulizonazo mfukoni hazifanyi kazi. Baba watoto akaingia akanikuta nalia, akauliza, "Nani kafa?" Nikamwambia hakuna, macho tu yanawasha.

Sasa hii ya karibuni. Baldur's Gate 3 ilitoka 2023, inataka nafasi ya gigabaiti 150 na kompyuta yenye nguvu. Mgao wetu wa VICOBA ulipotoka nikanunua kompyuta ya 2,900,000. Nyumbani nikasema ni ya 850,000, ya kazi. Kijana wa kafe alinishushia hiyo gemu kwa siku tatu. Dada, sijawahi kuona kitu kama hicho. Kila neno unalosema kuna mtu atalikumbuka. Mapigano ni ya zamu, unafikiri mpaka utosheke, adui anakungoja. Ukitaka kumshawishi mtu linarushwa dadu la pande 20 katikati ya kioo. Siku moja mume wangu alisimama mlangoni akaliona likizunguka, akauliza, "Hiyo si kamari?" Nikacheka.

Balaa lilikuja mwezi uliopita. Wenzako wa safari humo wanaweza kukupenda, kutegemea unavyoishi nao. Mhusika wangu, niliyempa jina langu la utotoni, amekaribiana na mchawi mmoja msomi anaitwa Gale. Ilikuwa saa sita usiku, wawili hao wanabusiana kwenye kioo, kugeuka, baba watoto yuko nyuma yangu na glasi ya maji. "Huyo ni nani?" Nikafunga kompyuta.

Tangu hapo hakuna amani. Anasema zile za vigololi hana neno nazo, zinachangamsha akili, lakini hizi nimeolewa mara ya pili. Anasema amesikia redioni ni ugonjwa, Shirika la Afya Duniani limeutambua. Akiniita nikasema "subiri nimalize hapa," ananuna mpaka asubuhi. Na yeye kila siku baada ya sala ya isha yuko barazani na bao lake mpaka saa nne, saa tano, na hakuna anayesema baraza ni ugonjwa. Nacheza kwa muda wa saa mbili, Ijumaa na Jumamosi labda saa nne. Kazi siachi, kupika napika, sijawahi kukosa kikao cha shule.

Akiipeleka Kariakoo, mpwa wake ataiwasha tu na kujua thamani yake. Na kinachoniumiza zaidi, kwa bei yake halisi ingemaliza ada ya mtoto na chenji ikabaki. Yeye anadhani itapata laki nne. Niseme? Niiuze mwenyewe kimyakimya? Au nisimamie haki yangu, maana hela ilikuwa yangu?

Mcheza Usiku, Tanga

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Kwanza nikiri, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma kwa ajili ya treni. Sijawahi kucheza gemu zaidi ya karata za kwenye kompyuta, lakini ulivyoandika habari za Kate Walker nilitaka kujua kama huyo mdogo wa marehemu alipatikana. Una kipaji cha kusimulia. Liweke hilo akilini.

Nikikuelewa vizuri, una mambo mawili yaliyofungwa kwenye kanga moja. Moja ni mume asiyependa aina fulani ya gemu zako. La pili ni kompyuta ya 2,900,000 ambayo nyumbani ina bei nyingine. Umeandika kurasa nne juu ya la kwanza na mistari sita juu ya la pili. Naona la pili ndilo lililokufanya ushike kalamu.

Nianze na hilo la ugonjwa, maana linatupwa ovyo siku hizi. Ni kweli, Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la uchezaji wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Lakini halikusema anayecheza ni mgonjwa. Linaangalia mtu aliyeshindwa kujizuia, anayetanguliza gemu mbele ya mambo yake mengine, na anayeendelea hata anapoona inamharibia, mpaka familia, kazi au masomo yake yameyumba vibaya. Na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama miezi 12. Kwa saa ulizonitajia sikuoni humo. Ila saa umezihesabu mwenyewe. Ukitaka uhakika, chukua daftari wiki mbili, andika ulipoanza na ulipozima, bila kumwonyesha mtu. Stoo unahesabu mali kila siku, hili halitakushinda.

Sasa nivumilie, nikuguse mahali panapouma kidogo. Barua yako inasomeka kana kwamba mume wako anazidharau gemu zako. Nimetafuta dharau hiyo kwenye barua, nikakutana na maswali yake. "Nani kafa?" Ukasema macho yanawasha. "Hiyo si kamari?" Ukacheka. "Huyo ni nani?" Ukafunga kompyuta. Kisha lipo moja ambalo hukuliandika, lakini lazima aliuliza: "Umenunua bei gani?" Hilo ndilo pekee ulilolijibu, na jibu lake unalijua. Mtu huyo amekuja mlangoni mara nne. Sisemi alikuja na maua mkononi. Pengine sauti ilikuwa kavu, na nyie wawili ndio mnajua. Lakini aliyeuliza "nani kafa" saa zile ni mtu aliyeona machozi ya mkewe akashtuka, akaambiwa hakuna kitu. Mtu akirudishwa mlangoni mara tatu huanza kujijazia majibu mwenyewe. "Umeolewa mara ya pili" linasikika kama jibu la namna hiyo.

Na busu hilo, mdogo wangu, tusilipitie juujuu. Kwako ni hadithi, mhusika wako na mchawi wake, kama mtu anavyosoma riwaya ya mapenzi kitandani. Kwake ni mkewe, saa sita usiku, taa zimezimwa, na mwanaume kwenye kioo mwenye jina. Tena mhusika umempa jina lako la utotoni, ambalo huenda yeye ndiye mmoja wa watu wachache walio hai wanaolijua. Umewahi kujiuliza kwa nini ulichagua jina hilo? Sikuulizi ili unijibu mimi. Huenda ni jina tu lilikujia. Huenda pia humo ndani kuna msichana ambaye hajaonekana sebuleni kwenu siku nyingi, na kama ni hivyo, mwenzako angependa kumwona kuliko unavyodhani.

Hapa nitakutetea, kwa sababu wasomaji wa kiume wameshaanza kukunja mikono. La bao una haki nalo. Mwanaume ana baraza, kahawa, wenzake, mashimo 32 na kete 64, na akichelewa tunasema yuko barazani na tunafunika chakula. Mwanamke wa miaka 46 baraza lake liko wapi? Msibani na harusini, na huko kote anapika. Wewe umejitafutia lako, la saa mbili, ndani ya nyumba yako, halimkeri jirani. Sioni cha kuona haya. Hata hivyo kuna tofauti moja kati ya bao lake na gemu yako ambayo haihusiani na nani ni mwanaume. Ukipita pale barazani jioni utaliona bao, utawaona wanaocheza, utamsikia aliyefungwa akitukanwa. Lako liko nyuma ya mlango uliofungwa. Yeye hana pa kupita akachungulia.

Halafu lile la "subiri nimalize hapa." Nilimuuliza kijana mmoja wa nyumbani kwangu anayezijua hizi gemu. Akaniambia kwenye ile ya zamani ya binti wa maua, ukiwa ndani ya mapango ni kweli, huwezi kuhifadhi ulipofika mpaka ukute sehemu maalumu, kwa hiyo "subiri" ilikuwa na sababu. Lakini hii ya sasa, umeandika mwenyewe: mapigano ni ya zamu, adui anakungoja. Ukiinuka ukaenda kula ukarudi, utamkuta palepale na panga juu. Kwa hiyo nani hasa alikuwa hawezi kungoja? Mimi mwenyewe nikiwa kwenye kitabu kizuri huwa nasema "nakuja" mara tatu. Ila sikisingizii kitabu.

Tuje kwenye kompyuta, siku zinakwenda.

Kuiuza mwenyewe kimyakimya kunaonekana ni njia ya mkato. Utapata hela ya ada, utasema nimekopa VICOBA, na 850,000 itabaki kuwa 850,000. Hatari yake naiona pande mbili. Utakuwa umeongeza uongo wa mkopo juu ya uongo wa bei, na mkopo huwa unaulizwa umelipwa lini. Na utakuwa umeitoa gemu yako sadaka bila mtu kujua kwamba ni sadaka. Nimepokea barua nyingi za wanawake waliotoa namna hiyo. Miaka mitano baadaye wana hasira na mume ambaye hajui alipewa nini.

Kusimamia haki yako, kwamba hela ilikuwa yako? Ilikuwa yako, ya mgao wako, uliyoweka hisa wiki baada ya wiki. Kama ungesema siku ile, "nimenunua kwa 2,900,000 kwa sababu naitaka," huenda mngegombana siku tatu, na ingekuwa imekwisha. Hoja hiyo bado ina nguvu, lakini ukiianza leo, swali linalofuata ni kwa nini ulificha kilicho chako. Jiandae nalo. Pengine jibu la kweli ni kwamba hata wewe uliona ni nyingi. Au uliona mtu wa umri wako haruhusiwi kupenda kitu kiasi hicho. Hayo ni majibu mawili tofauti, na mazungumzo yake ni tofauti.

Kusema kabla ya safari kuna gharama pia, nisikudanganye. Atakasirika. Anaweza kusema basi iuzwe kwa bei hiyo, mtoto asome, na utakuwa huna la kumjibu haraka. Anaweza kuanza kuhesabu vitu vingine vya ndani na kuuliza bei zake. Lakini linganisha na njia ya nne, ya kukaa kimya mpaka Kariakoo. Pale atakayemwambia ni mpwa wake, kijana, dukani, mbele ya wateja: "Mjomba, hii si ya laki nne." Sidhani kama hasira ya siku hiyo itakuwa ya hela.

Ada ya binti ningeitenganisha na haya yote kama inawezekana. Umeshaulizia chuoni kama wanapokea kwa awamu? Wakubwa wawili wanaojitegemea wanajua kwamba imebaki 1,200,000? Kwenye barua hawakutajwa tena baada ya kuhesabiwa. Kama mtauza kompyuta, iuzwe kwa sababu mmekaa mkakosa njia nyingine, isiwe adhabu iliyovaa kanzu ya ada. Na kama mtaiuza, nunueni ndogo kwa chenji hiyo. Kijana wangu ananiambia Syberia ya 2002 na Final Fantasy ya 1997 hazihitaji mashine ya milioni tatu. Gale atabaki alipo. Hilo litauma na sitakuambia lisiume.

Kuna jambo jingine nililokuwa nalizunguka. Kijana aliniambia hiyo Baldur's Gate watu wawili wanaweza kuicheza kwenye kioo kimoja, kila mtu na upande wake. Nikakuwaza wewe na baba watoto, nikacheka. Gemu yenyewe ni ya Kiingereza, haina Kiswahili, mwanaume wa baraza hatakaa asomewe kila mstari, na sidhani ni busara mkutano wake wa kwanza na Gale uwe wa ana kwa ana.

Lakini ile nyingine. Umeishi na fundi wa treni, na una gemu yenye treni ya kutiwa ufunguo, ambayo kila kituo inabidi itafutiwe namna ya kukazwa upya ili iendelee na safari, na kwa barua yako hujawahi kumwonyesha. Sijui kwa nini. Labda uliona ni yako. Ni haki yako pia iwe yako tu. Si kila kitu cha mke lazima kigawanywe. Ila kama unatafuta mahali pa kuanzia mazungumzo ambapo hakuna ada wala busu wala milioni tatu, mimi ningeacha mlango wazi jioni moja kabla hajatoka kwenda barazani, nikaifungua pale ambapo treni imesimama haitaki kwenda, nikamuuliza yeye. Bei ningeitaja usiku huohuo au kesho yake asubuhi, nisingengoja zaidi, maana ukimfurahisha leo ukamwambia wiki ijayo ataona ulikuwa unamlainisha.

Anaweza kusema hana muda wa michezo ya watoto, akachukua kofia yake akaondoka. Hilo utalijua tu ukijaribu. Lakini mtu aliyeshika spana miaka thelathini, umwambie kuna injini ya treni inayokwenda kwa springi bila mafuta wala makaa, sioni akifika barazani kabla hajakuuliza breki zake zinafungwaje. Na safari hii, mdogo wangu, mjibu.